Uzi wa wasomaji: kitabu gani kiko mkononi mwako sasa hivi, na umefika wapi?

Mla_Kurasa (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za vitabu humu huharibika kwa njia mbili. Kuna anayekuja kumwaga majina thelathini ya "vitabu vya kusoma kabla hujafa", na ukimuuliza kimoja tu kinahusu nini, haonekani tena. Halafu kuna jeshi la "naomba PDF". Huu tuuendeshe vingine. Taja kitabu kimoja, kile kilichoko kwenye mkoba wako au kando ya kitanda leo hii, si ulichosoma mwaka juzi. Sema umefika wapi, na kama kinakushika au kinakulaza. Na tafadhali, mwisho usiutoe.

Mimi niko na Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, tawasifu ya hayati Ali Hassan Mwinyi iliyozinduliwa Mei 2021. Nimekianza mara tu baada ya kumaliza cha hayati Benjamin Mkapa, My Life, My Purpose cha 2019, na kusoma marais wawili mfululizo kuna raha yake. Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya siasa na hilo halifichiki: hoja inafunguliwa, inatetewa, inafungwa, na wewe msomaji unaachiwa nafasi ndogo ya kubisha. Tena kaandika kwa Kiingereza, jambo ambalo bado linanikera kidogo. Mwinyi alianza kazi kwa ualimu, akaandika kwa Kiswahili, na hana haraka na mtu.

Sijafika 1977. Hapo ndipo alipoachia uwaziri wa mambo ya ndani kwa ajili ya mahabusu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ilhali yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Fikirieni: mtu yuko Cairo, kila mmoja nyumbani anadhani siasa yake imeshazikwa, na miaka minane baada ya kujiuzulu ni Rais wa nchi. Hizo kurasa za Misri ndizo nilizonunulia kitabu. Zikiwa chache nitarudi hapa kulalamika.

Kobe_Mwendo (Mwanza)

Asante kwa uzi, mkuu.

Mimi narudia Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Wa rika langu mnajua tulivyokisoma mara ya kwanza: kimefunikwa gazeti, kinapita dawati kwa dawati, na kikifika kwako kinajifungua chenyewe kwenye kurasa zile zile zilizolegea. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na marufuku ndiyo iliyotufanya tukitafute. Nadhani nusu ya darasa letu hawakujua kama kina mwanzo.

Sasa nina mabinti nyumbani. Nimekianza ukurasa wa kwanza, na mtu ninayemwona siye Rosa tena, ni Zakaria. Baba mlevi wa Namagondo, Ukerewe, anakamata barua ya mvulana, anampiga binti yake vibaya, na anaamini kabisa kwamba amemlinda. Kezilahabi alizaliwa 1944, kwa hiyo kitabu kinatoka hajafika hata miaka thelathini. Sijui alijifunzia wapi kwamba binti anayelelewa kwa kipigo haogopi ubaya, anamwogopa baba tu, na siku mkono wa baba haumfikii hana kinga nyingine yoyote. Niko pale Rosa anapoondoka nyumbani kwenda sekondari. Kinachokuja nakijua, ndiyo maana nasoma polepole kwa makusudi.

Tajiri_Mtarajiwa (Arusha)

Rich Dad Poor Dad. Nakirudia kila mwaka. Hivyo mnavyosoma ninyi vitawalipia kodi ya nyumba?

Binti_Ngambo (Unguja)

Yakhe, kwani hicho kimekulipia? Mbona jina lako bado linasema mtarajiwa?

Mie nina Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Nilianza na filamu ya Amil Shivji ya 2021, ikanitia hamu ya kitabu, ambacho kipo tangu 1999. Filamu sina ugomvi nayo, picha zake tu zinatosha. Lakini imewashikilia zaidi Yasmin na Denge, mapenzi na siasa, basi. Kitabuni mtu wangu mie ni Mwajuma. Yasmin binti wa Kihindi kaozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Kachoka, katoroka, watu wake wenyewe wamemfukuza, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa Ng'ambo ambaye hana kitu. Hamuulizi dini wala rangi. Anampa pa kulala na kumtia mjini.

Watu wakikisifu kitabu hiki humsifu Denge, msomi aliyerudi kutoka Urusi na siasa zake, na Waingereza wanamnusa kila kichochoro. Haya, Denge ni shujaa, sikatai. Lakini hebu mwondoeni Mwajuma muone kama hadithi inasimama. Nimefika pale Inspekta Wright anapotaka kumtumia Yasmin dhidi ya Denge, na nina hasira na Wright utadhani kakaa sebuleni kwangu.

Mla_Kurasa

Mtarajiwa, hapo umejibiwa 😂

Tajiri_Mtarajiwa

Chekeni tu. Masikini wa Afrika anapenda hadithi, tajiri anasoma mbinu. Ndiyo tofauti.

Nyuma_ya_Kaunta (Dodoma)

Kaka Mtarajiwa, mimi sikucheki, nilikisoma hicho kitabu kabla ya kuajiriwa na kilinifaa. Kutofautisha mali inayoingiza hela na mali inayotoa hela ni jambo la msingi na watu wengi hawajafundishwa. Ila kuna kitu husemi, na nakisema kwa kuwa kazi yangu ni mikopo. Kile ni kitabu cha Marekani cha 1997. Habari zake za kununua nyumba kwa pesa ya benki na kuipangisha zinategemea mkopo wa nyumba wa miaka mingi kwa riba ndogo. Kwetu riba ya mikopo ya benki inazunguka asilimia 15, na kiwanja chenyewe mara nyingi hakina hati, kina karatasi ya serikali ya mtaa. Nimekaa na wateja waliokuja na kitabu hicho kwapani. Hesabu zao ni safi kabisa, ila si za hapa.

Kwa hiyo kisome, lakini usikirudie kila mwaka kama kalenda. Chukua hata kitabu cha mtu aliyefanya biashara Kariakoo akafilisika. (Kama kipo nitajieni, nakitafuta kweli.)

Kilichoko mkononi mwangu: Mwana Mdogo wa Mfalme, ile hadithi ya Saint-Exupéry waliyoitafsiri Mkuki na Nyota. Namsomea mwanangu. Yeye anataka habari za mbweha kila usiku, mimi nimemwelewa zaidi yule mfanyabiashara anayehesabu nyota na kusema ni zake. Labda ndiyo maradhi ya kazi.

Mpwa_wa_Msa (Tanga)

Vijana, poleni na riba.

Nina miaka sabini na ushei na nimeamua kumaliza upya Bwana Msa wote. Hivi sasa nina Kisima cha Giningi cha 1968. Kwa wasiomjua: Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ndiye aliyetuletea mpelelezi wa Kiswahili, mtu wa kiko na maneno machache, na sahibu yake Najum anayetusimulia kila kitu bila kukielewa. Cha kwanza kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya hamsini kikachapwa 1960.

Ninachokipenda ni kwamba Bwana Msa hapigi mtu. Anakaa, anasikiliza watu wanavyosema, na katika kusema kwao ndimo anamomkamata mwongo. Kila mtu mle anaongea vyake, Mwarabu, Mhindi, mtumishi, bibi wa shamba. Ukisoma kwa haraka ukitafuta nani kaua, umekosa nusu ya kitabu. Waandishi wa upelelezi waliokuja baadaye walikuwa na bastola nyingi mno.

Mla_Kurasa

Shikamoo mzee. Hapo kwenye bastola umenigusa pabaya, sisi tulilelewa na Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Musiba.

Mpwa_wa_Msa

Marahaba. Najua. Ndiyo maana nimesema.

Stendi_ya_Zamani (Morogoro)

Mzee shikamoo, lakini hapa siwezi kunyamaza. Musiba na Mtobwa walitufanya tusome! Kufa na Kupona, 1974. Nani angenishika mimi shuleni asubuhi kama usiku sikujua Willy Gamba katokaje? Vilikuwa vinauzwa stendi pamoja na karanga, vinakwisha, vinaazimana mpaka jalada linapotea. Mpaka leo kuna riwaya niliyoisoma nzima nisijue jina lake kwa sababu ilinifikia haina kurasa za mwanzo.

Na nitasema kingine cha uchokozi: Joram Kiango wa Mtobwa ni bora kuliko Willy Gamba. Willy ni mtu wa serikali, ana ofisi, ana bosi, ana fungu la safari. Joram ni wa kujitegemea, haamini mtu ila mwenzake Nuru, na Mtobwa alikuwa na sentensi. Nasoma Salamu Toka Kuzimu, nimeipata kwa mtu anayeuza vitabu vya zamani chini, turubai tu. Niko katikati na sijui nani mbaya. Msiniambie.

Kobe_Mwendo

Joram bora kuliko Willy? Huu uzi ulikuwa wa amani.

Stendi_ya_Zamani

Nimesimama hapo hapo.

Kitale_Mjini (Kenya)

Hamjambo wanajamvi. Nimekuwa nikisoma tu kimya kimya lakini Kobe_Mwendo amenitoa mafichoni.

Kwetu Kenya hatukufunika vitabu kwa gazeti. Tulifanyiwa jambo baya zaidi: tulitahiniwa. Mimi ni wa kizazi cha Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ilikuwa riwaya teule ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kati ya 2013 na 2017. Niamshe usiku wa manane nitakueleza Mtemi Nasaba Bora alikuwa nani, nitakutajia maudhui, nitakupa mbinu za uandishi na mifano. "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama 4." Msemaji, msemewa, mahali, sababu. Kitabu kizima kilikatwakatwa kwa madondoo hadi hakuna aliyekumbuka kwamba ni hadithi. Siku ya mwisho ya mtihani wenzangu walivirusha hewani.

Sasa nasoma Siku Njema, ya Ken Walibora huyo huyo, ya 1996. Hakuna anayenitahini. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji taarabu wa Tanga, anavuka mpaka kuja kumtafuta babake Kenya. Nilikuwa nimeshasikia jina la Kongowea kwa wakubwa zangu tangu utotoni, wanalitaja kana kwamba ni jirani waliyekua naye. Niko sura za mwisho mwisho na nimeanza kukipunguzia mwendo. Walibora alituacha Aprili 2020 pale Nairobi, na ni sasa ndipo nimehisi kitu kuhusu kifo chake. Wakati ule nilichofikiria ni yule mtu wa mtihani.

Binti_Ngambo

Kaka wa Kitale umeniliza. Na pole kwa alama nne.

Mtoto_wa_Likoni (Mombasa)

Wa Kitale, si mtihani tu unaowafukuza watu kwenye vitabu. Kuna bei pia. Tangu sheria ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 2013 kitabu Kenya kinatozwa asilimia 16. Mzazi akishamaliza orodha ya shule, riwaya ya kujifurahisha ataiweka wapi?

Mimi kwa sasa Sauti ya Dhiki, mashairi ya Abdilatif Abdalla. Alifungwa 1969 hadi 1972 kwa ule waraka wake wa kuikosoa serikali, Kenya Twendapi?, akayaandika gerezani, yakachapwa 1973. Mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Sisomi zaidi ya mawili kwa siku. Ni Kimvita hasa, lahaja yetu ya Mombasa, nyanyangu akiskia namsomea huitikia kabla sijamaliza ubeti.

Mbali_na_Pwani (Uingereza)

Asalaam aleikum. Niko huku miaka mingi, nimezaliwa Unguja.

Nasoma Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah, Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobeli. Kitabu chenyewe ni cha 1994 na kwa Kiingereza nilikisoma zamani, peke yangu, kwenye treni. Sasa tunakisoma wawili. Mama yangu yuko nami, macho yake hayawezi tena maandishi madogo na Kiingereza hakukitaka tangu mwanzo, kwa hiyo namsomea baada ya Isha.

Shida ni kwamba hatuendi mbele. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, kachukuliwa na Ami Aziz kwa deni la baba yake, kafikishwa dukani kwa Khalil, na Khalil anamwambia huyu si ami yako. Hapo tulisimama jioni nzima. Mama akaanza kutaja watu. Fulani alilelewa kwa fulani, tuliambiwa ni mpwa, hakuwa mpwa. Majina niliyoyasikia maisha yangu yote sasa yana maelezo mengine. Nilipokisoma kwa Kiingereza nilikiona ni kitabu kuhusu ukoloni wa Wajerumani unaokaribia. Mama Wajerumani hawamshughulishi kabisa. Yeye anataka kujua mama yake Yusuf alisema nini siku ile garimoshi lilipoondoka, na Gurnah hamwambii.

Tuko kwenye msafara wa bara. Kila siku ananiuliza kama kijana karudi.

Mla_Kurasa

Mkuu, nimesoma komenti yako mara mbili. Mwambie mama shikamoo yake kutoka Dar.

Kijana_wa_Mpanda (Katavi)

Wakuu mwenye PDF ya Peponi anisaidie inbox tafadhali.

Mla_Kurasa

Nilijua. Nilijua tu. Soma komenti ya kwanza ya uzi.

Kalamu_Butu (Dar es Salaam)

Kijana, sikufokei, ila nikueleze upande wa pili. Mimi nimeandika riwaya moja. Nimechapisha kwa pesa yangu, nikabeba maboksi mwenyewe, nikazunguka madukani nikaacha nakala za mali kauli, duka moja mpaka leo nikipiga simu naambiwa mhasibu hayupo. Siku moja nikaingizwa kwenye kundi la Telegram la "wapenda vitabu". Nikakikuta kitabu changu. Mtu alikaa akapiga picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba kinaonekana. Watu chini wanamshukuru, "ubarikiwe mkuu". Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, lakini kule COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nimshitaki nani, kidole gumba?

Kilichoniuma, kusema kweli, ni komenti moja mle: "kitabu kizuri sana, huyu mwandishi aandike kingine." Kwa hela ipi?

Kijana_wa_Mpanda

Nimekuelewa na pole sana kaka. Lakini na ninyi mnisikilize. Mnataja mtu wa turubai. Hapa nilipo duka la vitabu linauza madaftari, kalamu, vitabu vya shule za msingi, Biblia na juzuu. Ukiuliza riwaya wanakuuliza ya darasa la ngapi. Mimi nina hela ya kitabu. Sina mahali pa kuipeleka. Mtu wa Dar akisema "nunua nakala halisi" naona anamwambia mtu asiye na barabara anunue gari.

Mla_Kurasa

Hapo umenyoosha. Naondoa ukali wangu, sheria ya uzi inabaki.

Stendi_ya_Zamani

Kijana, njia ipo na haina ufundi. Piga simu dukani Dar, duka la vitabu la TPH pale barabara ya Samora au kwa wachapishaji wenyewe Mkuki na Nyota, uliza kama kipo na bei. Lipa kwa simu. Waambie wakipeleke stendi, kipande kwenye basi la kwenu, wakutumie namba ya gari na ya kondakta. Unakwenda kukichukua ofisi ya basi kwa kitambulisho. Mimi huwatumia watu hivyo. Nauli ya kifurushi kidogo si kitu, na mkiungana watatu wanne mnaigawana. Usilipe kabla hawajakuthibitishia kwa mdomo kwamba wanacho mkononi. Sio "kitakuja wiki ijayo".

Kijana_wa_Mpanda

Hii ndiyo komenti. Asante sana. Nakuja inbox kwa namba za simu, si kwa PDF.

Nyuma_ya_Kaunta

Na maktaba za mikoa tusizisahau. Watu wanadhani ni za wanafunzi wa kujisomea mtihani tu. Mara nyingi ni kweli viti vyote vimejaa madaftari, lakini nenda kwenye rafu za nyuma. Mimi vitabu vyangu vya Said Ahmed Mohamed vyote nilivisoma vya kuazima. Kadi ya mwisho kabla yangu ilikuwa imegongwa muhuri wakati bado niko shule ya msingi.

Frasila (Tabora)

Ndugu wa Uingereza aliyeko kwenye msafara wa Yusuf, nina kitabu cha kukusindikiza. Nasoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapa kwa herufi za Kilatini mwaka 1902 na 1903, mzee akiwa bado hai. Alifariki Unguja 1905. Mimi ninayo ile iliyotolewa na kamati ya Kiswahili mwishoni mwa miaka ya hamsini, nakala ya kuazima.

Ni kitabu cha ajabu na sikipendi, lakini siwezi kukiweka chini. Anajua pembe za ndovu alizopata zilikuwa frasila ngapi (kipimo cha uzito cha zamani), nani alimkopesha bidhaa Unguja, deni lilikuwa kiasi gani, ushanga gani ulikuwa unatakiwa nchi gani. Hayo yote kwa makini kabisa. Halafu vita, kijiji kimekwisha, watu wametekwa, nusu ya sentensi, tunaendelea na safari. Hajisifu hata. Hilo ndilo linalotisha. Haoni kama kuna la kueleza. Mimi niko Tabora, njia anazozitaja tunapita kila siku, na hakuna mahali katika kitabu ambapo wapagazi wanasema neno. Nikishamaliza nitachukua Peponi, maana kwa mnavyosimulia naona Gurnah kamsikiliza mtoto aliyekuwa nyuma ya msafara.

Mbali_na_Pwani

Umenipa kazi. Nikimletea mama jina la Tippu Tip hatulali.

Msoma_Kwa_Tochi (Kigoma)

Nina swali la aibu. Baada ya Rosa Mistika na Kichwamaji nikajiona namjua Kezilahabi, nikanunua Nagona. Kijitabu chembamba. Niko ukurasa wa ishirini na kitu. Sielewi CHOCHOTE. Kuna mtu anatembea, kuna kimya, kuna wazee wanajibu maswali kwa maswali. Nimeuziwa kitabu chenye kurasa pungufu au ndivyo kilivyo?

Kobe_Mwendo

Ndivyo kilivyo.

Kalamu_Butu

Hahaha, ndivyo kilivyo kweli. Nagona ni ya 1990, na mwaka uliofuata akatoa Mzingile, ndugu yake. Kati ya Rosa na hapo mzee alikuwa ameingia ndani kabisa kwenye falsafa na hakutaka tena kuandika hadithi ya kijiji chenye barabara na duka. Ushauri wangu: usitafute kisa. Soma kikao kimoja mpaka mwisho bila kurudi nyuma, usiku, kisha kirudie baada ya wiki. Mara ya pili utakuta umebaki na picha fulani fulani ambazo hazikutoki, na ndizo kitabu. Wapo maprofesa wanaogombania maana yake hadi leo, kwa hiyo aibu yako ni ya watu wengi na wenye vyeo.

Mimi binafsi naona Mzingile ni bora. Ila kama hupendi, acha. Hakuna sheria ya kumaliza.

Msoma_Kwa_Tochi

"Wenye vyeo" imenifariji. Naendelea.

Mpwa_wa_Msa

Mie wala sitamani. Hadithi isiyo na kisa na mie wapi na wapi.

Tajiri_Mtarajiwa

Haya jamani. Nimekuwa nasoma uzi huu tangu juzi nikijifanya sipo. Nyuma_ya_Kaunta, hoja ya riba nimeipokea, nimeuliza benki moja hapa mjini na nimerudi nyumbani kwa miguu nikifikiri. Nitajieni riwaya MOJA. Masharti: isiwe ya mapenzi tupu, isiwe hiyo Nagona, na iwe na mambo ya pesa ndani.

Kobe_Mwendo

Dunia Uwanja wa Fujo, Kezilahabi huyo huyo, 1975. Imeandikwa kwa ajili yako. Kuna kijana anaitwa Tumaini. Anarithi mali ya baba yake, anaitapanya yote kwa starehe, anarudi chini kabisa. Kisha anajipanga upya, anaingia kwenye kilimo, anakuwa na mashamba na utajiri kweli, wa jasho lake safari hii. Na tarehe za hadithi ni hizo hizo za Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa.

Tajiri_Mtarajiwa

Aisee. Kwa hiyo mali inayoingiza hela alikuwa nayo. Na mashamba wanamwachia?

Kobe_Mwendo

Sheria ya uzi, kaka. Mwisho hatutoi.

Tajiri_Mtarajiwa

Kina kurasa ngapi?